Ficha pakti, kisha uonje: chai, ulimi na maji ya Liwatoni

Muulize mtu yeyote wa hapa kwetu chai nzuri ni ipi, atakutajia jina la pakti. Hatakwambia kama aipenda kali au nyepesi, wala kama akinywa ulimi humkauka au chai humteleza tu. Atataja jina, rangi ya pakti, na pengine duka anunualo. Mwekee chai nyingine mbele yake bila kumwambia, ndipo utakapojua kama anywaye ni ulimi au ni jicho.

Jumapili moja tulifanya hivyo Liwatoni, watu saba, kwa chakula cha mchana kilichoanza saa tano na kutufikisha alasiri. Hatukuketi kwa ajili ya mchezo. Rafiki yangu ana hoteli ndogo mitaa hiyo, wateja wake ni makuli, madereva wa malori ya makontena, wachuuzi wa samaki na vijana wa maofisini wanaotoka saa nne kutafuta chai na mahamri. Miaka yote ametumia majani ya pakti moja yenye jina. Bei ya pakti imepanda na kupanda tena, naye hawezi kupandisha kikombe kila mara duka linapopandisha. Muuza jumla akamshauri achukue majani ya kupima, yale yauzwayo kwa kilo kutoka guniani, kwa karibu nusu ya bei. Akaingiwa na hofu. "Chai ikinikataa, ndugu yangu, hata mahamri hayatanunuliwa," aliniambia. Alichotaka kujua ni kimoja: je, mteja atajua?

Swali kama hilo hulijibu kwa kujadiliana. Kila mtu ana maneno, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Hujibiwa kwa kuonja bila kujua unachoonja.

Desturi hii imepata jina duniani kupitia mvinyo. Mvinyo si kinywaji chetu, lakini visa vyake vinamfaa mnywa chai. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Steven Spurrier aliwaketisha waonjaji wa Kifaransa akawamiminia mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha chupa. Alama zilipohesabiwa, ulioshika nafasi ya kwanza kwa mweupe ulikuwa wa California, na kwa mwekundu vilevile. Waonjaji wale walikuwa mabingwa wa kazi yao. Walichonyimwa siku hiyo ni karatasi iliyobandikwa chupani. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux wakachapisha jaribio jingine. Waliwapa wanafunzi 54 wa somo la mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno yale yale wanayotumia kwa mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limeshatoa hukumu, ulimi ukafuata. Sisi nasi tukiona chai nyeusi tii twasema ni kali kabla hatujaigusa.

Ajabu ni kwamba mji huu wetu ni mji wa waonjaji, na wengi wetu twapita mlangoni mwao kila siku bila kujua. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Huendeshwa chini ya chama cha wafanyabiashara wa chai wa Afrika Mashariki, EATTA, chenye jumba lake pale Nyerere Avenue. Huuzwa hapo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za jirani, kwa dola, na maghala yake ndiyo yale mnayoyaona Shimanzi na kwingineko karibu na bandari. Zamani madalali walinadi kwa sauti ukumbini; tangu mwaka 2020 mnada ni wa kompyuta. Lakini kompyuta haionji. Kabla ya kila mnada sampuli hutumwa kwa wanunuzi, na dalali huonja, na mnunuzi naye huonja kwake.

Kati yetu saba alikuwako kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea chai. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Akatueleza: vikombe vyeupe hupangwa mstari mrefu juu ya meza, vyote sawa, kila kimoja na kifuniko chake na bakuli lake. Majani hupimwa kwa mizani. Maji hutiwa yakiwa yamechemka sasa hivi, saa hutazamwa, kisha chai humiminwa bakulini na majani yaliyolowa hubaki juu ya kifuniko kilichogeuzwa. Mwonjaji hutazama vitu vitatu: majani makavu, majani yaliyolowa, na chai yenyewe. Huchota kwa kijiko, huivuta kwa nguvu na kwa sauti ambayo mtoto wako akiifanya mezani utamkemea, kisha huitema. Mvuto ule si ubaradhuli. Huirusha chai pamoja na hewa mpaka nyuma ya pua, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu.

Kiko hata kipimo cha kimataifa. Shirika la viwango la ISO lilikitoa mwaka 1980, nambari 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6. Hakikusudiwa kupata chai tamu. Kimekusudiwa kuwa kila chai ipikwe sawa na mwenzake, ili tofauti ikionekana iwe ya majani na si ya mpishi.

Jambo moja kijana yule alilisema, nami nimelifikiri sana. Waonjaji wale wa kazi mara nyingi hawafichwi jina. Mkebe wa sampuli hukaa palepale nyuma ya kikombe, na jina la kiwanda limeandikwa. Husemwa kwamba mwonjaji mzoefu halitegemei jina, na kwamba wanunuzi wengi wakionja kila mmoja kwake, upendeleo wa mmoja husahihishwa na wengine. Huenda. Lakini sentensi mbili za mwonjaji zina uzito kwa watu walio mbali sana na Nyerere Avenue. Kila bonasi ya chai inapotangazwa, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hulalamika kwamba wenzao wa mashariki wamelipwa zaidi kwa kilo, na jibu wanalopewa huwa lilelile: chai ya mashariki ilipata bei bora mnadani Mombasa. Jibu hilo lina ukweli wake. Juu milimani, kwenye baridi, mmea hukua polepole na ladha hujengeka. Ila ningependa siku moja nisikie kwamba mikebe imegeuzwa, majina yametazama ukutani, na bei zimebaki zilezile.

Turudi Liwatoni. Sheria zetu zilikuwa chache. Mizani tuliazima kwa sonara wa Mji wa Kale, maana ya jikoni haijui gramu 2. Vikombe vilikuwa vile vidogo vya kahawa, ambavyo nyumba yenye shughuli haivikosi, na chini ya kila kimoja tulibandika nambari. Kijana alipika na kumimina jikoni akiandika nambari katika karatasi yake. Mimi nilichukua sinia bila kujua kilichomo, na sikuonja. Hili la kutenganisha mmiminaji na mchukuzi watu huliona usumbufu, nami nasema ndilo la lazima kuliko yote. Mtu anayejua kikombe kipi ni kipi atakuangalia usoni unapokinywa, na uso wake utakwambia. Waonjaji walikuwa watano: rafiki yangu mwenye hoteli, shangazi yangu, mzee mmoja aliyebeba chai maghalani Shimanzi tangu enzi za makasha ya mbao, binamu yangu na mkewe. Chakula kikasubiri. Kijana alikataza hata kachumbari isionwe kabla ya kuonja, tukapewa boflo kavu na maji ya kusukutua.

Hesabu yetu tuliichukua kwa mtu mwingine wa chai. Katika miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, bibi mmoja mtaalamu wa mwani, Muriel Bristol, alidai kwamba akionja chai hujua kama maziwa yametangulia kikombeni au yamefuata. Mwenzake Ronald Fisher, mtu wa hesabu, badala ya kubishana akatunga jaribio, na akalieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1935. Vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vimechanganywa. Mwonjaji anaambiwa achague vinne. Kuna njia 70 za kuchagua vinne katika vinane, na moja tu ndiyo sahihi yote. Kwa hiyo mtu asiyejua lolote ana bahati 1 katika 70 ya kuvipata vyote. Lakini kuvipata vitatu si miujiza, maana njia 16 kati ya hizo 70 hukupa vitatu. Na kupata viwili ni jambo la kila siku, njia 36, zaidi ya nusu. Kumbukeni nambari hizi mtu atakapojisifia kwenu kwamba "nilijua vitatu kati ya vinne".

Duru ya kwanza ilikuwa chai ya maziwa kama inavyopikwa hotelini: sufuria mbili, maziwa sawa, sukari sawa, iliki na tangawizi sawa, moto sawa. Moja pakti, moja ya kupima. Kila mtu aambiwa achague vinne anavyodhani ni vya pakti. Shangazi akavuta kiti mbele. "Mwanangu, mimi nanywa chai hii tangu hujazaliwa. Hata usingizini nitaijua."

Shangazi alipata viwili. Rafiki yangu viwili, binamu kimoja, mkewe vitatu, mzee vitatu. Hakuna aliyepata vinne. Ukiwaita watu watano kutoka barabarani wakachagua kwa kufumba macho, ungepata matokeo ya namna hii.

Sababu yake haina siri. Maziwa yana protini iitwayo kaseini, nayo hushikana na zile kemikali za chai zinazokausha ulimi, kwa hiyo ukali hupungua. Sukari hufunika uchungu. Iliki na tangawizi hujaza pua. Kilichobaki cha majani ni rangi na uzito, na hapo majani ya kupima hayana aibu. Kijana alimimina aina zote mbili juu ya sahani nyeupe tukaona: ya pakti ilikuwa punje ndogo zinazolingana, ya kupima ilikuwa vumbi zaidi na nyuzi za kahawia za vikonyo. Majani yetu mengi hupondwa na kuviringishwa kwa mashine, kisha huchekechwa kwa ukubwa, kuanzia punje kubwa za BP1, PF1 zinazofuata, mpaka vumbi. Kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo rangi inavyotoka haraka. Ndiyo maana chai ya vumbi huonekana kali, na kwa sufuria la maziwa lenye moto hilo latosha kabisa.

Duru ya pili ilikuwa mkandaa, ile wabara waiitayo strungi. Haina maziwa, haina sukari, haina kiungo. Gramu 2, mililita 100, dakika 6. Hapa sura zilibadilika. Rafiki yangu alipata vyote vinne. Mke wa binamu vinne. Mzee vitatu, binamu viwili; huyu binamu, nasema kwa upendo, ni mvutaji.

Shangazi alipata sifuri.

Kikazuka kicheko, na ni mzee aliyekinyamazisha, maana alishika hesabu haraka kuliko sisi. Kukosa vyote vinne ni kugumu sawasawa na kupata vyote. Nayo pia ni njia moja tu katika 70. Mtu asiyesikia tofauti hapati sifuri kirahisi, hupata viwili. Shangazi alizitenga chai mbili barabara, hakuchanganya hata kikombe kimoja, ila aliyoiita yake ilikuwa ya kupima. Ulimi wake mzima kuliko wa wengi. Jina ndilo lililohama. "Basi hiyo ya gunia ndiyo nzuri," alisema, wala hakuona haya, "mbona mwaficha?"

Kisha tukala. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya embe, madafu. Ni wakati huo, sinia ikiwa katikati, mzee alipoinua kikombe cha mkandaa kilichokuwa kimepoa na kukipeleka dirishani. Juu kulikuwa na utando, kama mafuta lakini si mafuta, unaopasuka ukiutikisa. "Hii nyinyi mnabishana juu ya majani," alisema. "Mimi naona maji."

Nyumba ile ina maji mawili, kama nyumba nyingi za kisiwani: ya kisima, yanayopandishwa kwa pampu, na ya mtungi, yanayoletwa kwa mkokoteni kutoka kwenye mfereji. Siku hiyo tulipika kwa ya kisima. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yanayopenya mwamba huo hubeba chokaa. Chokaa hiyo ikikutana na kemikali za chai na hewa hufanya utando ule ule, huizima rangi, na kuiondolea chai uchangamfu wake. Ndiyo hiyo hiyo inayoganda birikani mpaka mkaikwangua kwa siki au ndimu.

Kwa hiyo tulipumzika, tukasukutua, tukaongeza duru ya tatu ambayo haikuwa kwenye mpango. Majani ya pakti peke yake, mkandaa, maji mawili. Kila mtu vikombe vitatu, viwili vya maji ya aina moja na kimoja cha aina nyingine. Taja kilicho tofauti. Mbahatishaji hupatia mara 1 katika 3. Wote watano walipatia, hata binamu, hata baada ya achari. Watano kupatia kwa bahati tu ni mara 1 katika 243.

Rafiki yangu hakungoja tuseme. Aliomba duru ya nne mwenyewe: majani ya kupima kwa maji ya mtungi, dhidi ya pakti yake ya bei kwa maji ya kisima, mkandaa. Hapa hatukuuliza kipi ni kipi, tuliuliza tu wapenda kipi. Wanne walichagua ya kupima. Mtu mmoja aliyeshika pakti alikuwa mzee, aliyesema ameizoea chai yenye chumvichumvi tangu udogoni na hana haja ya kurekebishwa. Watu wanne kati ya watano si ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini hoteli haiendeshwi kwa ushahidi wa mahakama.

Alikaa na kalamu. Chai ya maziwa, ambayo ndiyo wingi wa mauzo yake, atapika kwa majani ya kupima na maji yale yale ya siku zote. Mkandaa atauacha kwa pakti, lakini kwa maji ya mtungi. Mtungi wa lita 20 hutoa vikombe 100 vya mililita 200, na yeye hafiki 100 vya mkandaa kwa siku. Anachookoa kwenye majani ya maziwa kinalipa mtungi na kubaki. Hofu yake ni siku maji yanapokatika mjini, mtungi unapopanda bei ghafla. Siku hizo atarudi kisimani, na atajua kwa nini mkandaa umelala.

Palitokea ubishi mmoja wa mwisho, nao haukuwa wa ladha. Binamu alisema kubadilisha majani bila kuwaambia wateja ni kuwaficha. Rafiki yangu akajibu kwamba ubao wake haujapata kuandika jina la pakti, umeandikwa chai na bei yake. Shangazi ndiye aliyekata shauri: asitangaze, lakini atakayeuliza aambiwe ukweli palepale, na pakti tupu zisibaki zimepangwa rafuni kama mapambo. Pakti ziliondolewa Jumatatu asubuhi. Kufikia siku niliyoandika makala haya walikuwa wameuliza wateja wawili. Mmoja aliambiwa, akasema hakuona tofauti, akaomba aongezewe tangawizi. Wa pili alikuwa akiuliza kuhusu mkandaa: alitaka kujua ni majani gani mapya wanayotumia.